Jumamosi ya Tano

Mtoto Shimwa alipoanza kusema, alimwita jirani "mama", na mama yake mzazi akaitwa "Kaiza". Hakuwa na kosa. Kutwa alishinda na bibi Nyirarukundo, mwenye ua wa pili pale Masaka, nje kidogo ya jiji, na jioni pikipiki ilipomshusha mama yake kwenye kona ya mahindi, Nyirarukundo ndiye aliyepaza sauti: "Kaliza huyo! Kaliza amekuja!" Mtoto akajifunza alichosikia. Alikimbia na vimiguu vyake vya upinde, mikono juu, akiita "Kaiza! Kaiza!", na kila mara Kaliza alicheka, akamnyanyua, akamnusa shingoni. Baadaye, akiosha vyombo, hakucheka tena.

Kazi yake ilikuwa kalenda. Alipokea wateja katika duka la ushonaji la Mzee Usumani, Remera mjini, na kalenda ya duka ilikuwa moja tu, ya karatasi, imetundikwa ukutani kwa msumari. Penseli ilining'inia kwa uzi pembeni. Nani anakuja kupimwa, nani anakuja kujaribu, nani anachukua nguo, vyote viliandikwa pale. Kwa hiyo mwandishi naye alitakiwa kuwa pale, siku sita kwa wiki, toka jua halijapata nguvu hadi taa za uwanja wa mpira wa Amahoro zinawaka.

Lakini Kaliza alikuwa amesoma. Shimwa akiwa tumboni, alihudhuria masomo ya jioni ya kompyuta, na mtoto alikuwa akimpiga mateke kila mwalimu Jean-Bosco alipoanza habari za Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Siku moja ya Septemba alivuta pumzi, akamwendea Mzee Usumani aliyekuwa amepiga magoti akipanga vitambaa.

"Mzee, nataka kuihamisha kalenda."

"Kuipeleka wapi? Ukuta huu umekukosea nini?"

"Chini ya meza ya kukatia. Ile laptopu mbovu ya binti yako, nitaifanya seva. Kalenda inakaa humo, na sisi sote tunaiona kwenye simu. Programu yake ni ya bure, hata msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anausoma."

"Kalenda itakaa chini ya meza," alisema Mzee polepole. "Na wewe utakaa wapi?"

Alikuwa mtu wa biashara toka kwa babu zake, kutambua mahali mazungumzo yanapoelekea hakukumpa shida.

"Masaka," Kaliza akasema. "Siku mbili kwa wiki tu. Simu ya duka ninabeba mimi. Mteja akipiga naandika kule, na ninyi mnaona hapa papo hapo."

"Na nitajuaje kwamba hupalilii maharage?"

"Maharage yangu nimeshapalilia, Mzee."

Shallon, fundi wa kike aliyekulia Uganda, alicheka hadi akang'ata uzi vibaya. Mzee Usumani hakucheka. Aliinuka, akapangusa magoti.

"Sikiliza, mwanangu. Nakupa hadi mwisho wa Novemba. Kalenda yako ikifika hapo bila kumharibia bibi harusi hata mmoja siku yake, tutazungumza habari za Masaka. Ikiharibu, ule msumari bado uko ukutani."

Basi Kaliza akaanza. Laptopu ilikuwa imevunjika bawaba na haikuwa na herufi W; aliiazimia kibodi nyingine, akaifuta yote, akaweka Linux kutoka kwenye flashi. Kisha akaweka programu ya kalenda, iitwayo Radicale, akitumia daftari lake la darasani na subira ya mtu aliyewahi kumlaza mtoto mwenye meno yanayoota. Dirisha jeusi la kuandikia amri lilimkatalia mara nyingi. Mara faili halionekani, mara huna ruhusa. Kila lilipokataa alisoma tena alichoandika, akakuta nukta imekosewa, akaandika upya. Siku iliyofuata Jean-Bosco alimwonyesha kwa simu namna ya kutengeneza njia iliyofungwa, ya kupita yeye na wenzake tu, ili seva ionekane hata ukiwa Masaka bila kila mpita njia wa intaneti kuchungulia.

Alimpa kila mtu jina na neno la siri. Mzee Usumani aliwekewa kwenye simu yake pia. Aliitazama mara moja, akairudisha mfukoni kama mtu aliyekabidhiwa picha ya mtoto wa watu.

"Hii mashine iko inahema," Shallon alisema, akiinama chini ya meza. "Kama mimi nikipanda mlima na mafuta ya kupikia."

"Iache iheme. Ikinyamaza ndiyo uniite."

Kisha akaiingizia kalenda mambo ya siku zote. Jumapili duka limefungwa. Ijumaa adhuhuri Mzee yuko msikitini. Halafu umuganda, ile asubuhi ya kila mwezi ambapo nchi nzima inatoka na majembe na mifagio, maduka yanafungwa, magari yanasimama hadi saa tano. Aliigusa Jumamosi yenyewe kwenye Septemba, akaiambia simu ijirudie. Simu ikamuuliza: kila mwezi, Jumamosi ya nne? Kaliza akahesabu kwa kidole. Ya nne, kweli. Akabonyeza ndiyo.

Septemba ikapita vizuri. Oktoba ikapita vizuri zaidi. Shallon aliacha kupiga kelele "nani anakuja saa nane?" kwa sababu jibu lilikuwa mfukoni mwake. Kaliza alianza kuona, bila kuthubutu kusema, kibaraza chake cha Masaka saa nne asubuhi, Shimwa akila papai, simu ya duka pajani. Novemba ilipoingia na mvua zake, kulikuwa na Jumamosi moja ambayo asubuhi yake ilipita bila mteja hata mmoja. Walikunywa chai, wakasema ni mvua.

Ijumaa iliyofuata Mzee Usumani alirudi kutoka kuswali, kofia bado kichwani, akasema akipita, "Kesho nitafungua mimi, saa tano. Msije na mapema ya bure."

"Saa tano?" Kaliza aliinua simu. "Kesho saa mbili u nusu tuna Winifred, bibi harusi. Kujaribu mara ya mwisho na kuchukua. Mishanana sita, nguo zote za sherehe. Kutolewa mahari ni kesho hiyo hiyo, saa nane."

Shallon alishika kinywa. "Banange! Kesho si umuganda?"

Kaliza alitazama skrini. Kesho ilikuwa nyeupe tupu, na Winifred katikati yake. Umuganda ulikuwa umekaa Jumamosi iliyopita, ile ya chai na mvua, ambapo hakuna aliyefungua kalenda. Akahesabu tena kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. Tano. Mwezi ulikuwa na Jumamosi tano.

Winifred naye hakukumbuka. Alikuwa ametoka Kampala mwezi uliopita tu kuja kuolewa. Alipopiga simu kuomba siku, Kaliza alimwambia tarehe hiyo ipo wazi, akajibu asante dada. Mtu angeweza kusema ni bibi harusi aliyejichanganya. Kaliza aliliona neno hilo linavyokaa tayari ulimini, akalimeza.

"Ni mimi, Mzee. Niliiambia Jumamosi ya nne. Ilitakiwa Jumamosi ya mwisho."

"Umuganda ni Jumamosi ya mwisho. Hata mtoto wa chekechea anajua hilo."

"Nami najua. Kila mtu anajua, ndiyo maana hata kwenye karatasi yako hukuwahi kuuandika. Kompyuta ndiyo haikuwa na wa kuiambia."

Mzee Usumani alitazama ukuta. Msumari ulikuwa pale.

Kaliza alipiga magoti chini ya meza, akafungua faili la umuganda. Tarakimu nne ilikuwa imekaa kwa starehe zake. Akaifuta, akaweka moja, na mbele yake alama ya kutoa. Hasi moja: usihesabu kutoka mwanzo, hesabu kutoka mwisho. Alipohifadhi, simu ya Shallon ikalia, na umuganda ukajibandika juu ya Winifred, mwekundu.

"Sasa inajua," Kaliza alisema, sauti ndogo.

"Imejua Ijumaa alasiri," alisema Mzee. "Tuipongeze?"

Machozi yalikuwa karibu, lakini hayakuwa na kazi ya kufanya pale. Kaliza alimpigia Winifred, akamweleza lote bila kuzunguka. Winifred akalipuka: "Mungu wangu! Na wa nywele naye nimemwambia saa nne! Dada, sisi tuko mbali, tuko huku Masaka, tutafika Remera saa ngapi?"

"Masaka wapi?"

"Barabara mpya. Geti la bluu, karibu na tangi la maji."

Kaliza alisimama. Geti lile alilipita kila asubuhi mgongoni mwa pikipiki.

"Msije Remera," alisema. "Mkimaliza umuganda, naweni mikono, mvuke barabara. Nguo zitakuwa kwangu." Akaifunika simu kwa kiganja. "Mzee, zisilale hapa. Niende nazo leo. Shallon, utalala kwangu?"

"Kuna nini cha kula?"

"Maharage."

"Yale yaliyopaliliwa?" Shallon alikuwa ameshaanza kukunja nguo.

Mzee Usumani aliingia chumba cha nyuma. Alirudi amebeba cherehani ndogo ya mkono, ya kuzungusha, imefunikwa kwa kanga.

"Hii ilitoka Ujiji na babu yangu. Umeme ukikatika kule, hii haina habari." Akaiweka mikononi mwa Shallon. "Ikirudi na mkwaruzo, nami nitakwaruza mtu."

Waliondoka na pikipiki mbili, Kaliza na furushi la mishanana kifuani kama mtoto mwingine.

Asubuhi walizibua mtaro wa maji wa barabara mpya. Winifred alikuwa katika watu, mabuti miguuni, kilemba kimefunika nywele ambazo hazijaguswa, na wanawake walimtania tangu mwanzo hadi mwisho. "Mwache bibi harusi apumzike!" "Apumzike nini? Bwana aone kama anajua jembe!" Yeye alicheka, akachimba. Ilipofika saa tano walinawa bombani kwa Nyirarukundo, wakaingia kwa Kaliza, yeye na wasichana wake, wote sita, na sebule ikajaa hariri.

Nguo tano zilikaa vizuri. Ya sita, ya mdogo wake Winifred, ilibana kifuani.

"Nilipimwa mwezi uliopita," msichana alijitetea.

"Na ulikula mwezi huu," Shallon alisema, akifumua mshono. Shimwa alisimama mbele ya cherehani ya Ujiji, akishangaa gurudumu. Walimwacha aweke kiganja juu ya mkono wa Shallon, na wakazungusha pamoja.

Hapo simu ya duka ikalia. Kaliza alimpakata mtoto kiunoni, akatoka kibarazani. Mwanamume mmoja alitaka kupimwa suti. Akatazama kalenda, akamwandika Jumanne saa nne, akamwambia karibu sana. Hakujaaliwa hata kurudi ndani, simu ikalia tena. Mzee Usumani.

"Kuna mtu ameingia kwenye simu yangu."

"Mwenye suti? Jumanne?"

"Huyo huyo."

"Nimemwandika mimi, Mzee. Niko Masaka."

Nyuma ya sauti yake zilisikika pikipiki za Remera.

"Nguo?"

"Zimevaliwa. Mmoja tu anamaliziwa. Wa nywele ameshafika getini kwao."

"Bibi harusi amelia?"

"Amecheka, Mzee. Asubuhi nzima anacheka."

"Haya."

"Na ule msumari?"

"Msumari nimetundikia kofia yangu. Acha maswali." Akakata.

Wasichana walivuka barabara wakiwa wamekusanya pindo mikononi, tope lisiwaguse, na Nyirarukundo akawapigia vigelegele kama ni wake wote. Kaliza alikaa kibarazani. Shimwa alikuwa akila papai, na nusu yake ilikuwa usoni.

Simu ikatetemeka. Kwenye kalenda, siku ya Jumapili, palitokea kitu kipya kwa herufi kubwa: KALIZA MASAKA. Mwandishi wake alikuwa *usumani*, jina ambalo tangu Septemba halikuwa limeandika neno. Kabla hajaelewa, kikatoweka. Kikatokea Jumatatu. Kikatoweka. Kikatokea Jumatano ya mwaka uliopita, kikakaa huko kitambo, na Kaliza akaanza kucheka peke yake, akimwona mzee wake amesimama kati ya vitambaa, miwani puani, akitafuta njia kwa kidole kimoja. Mwisho kikatua Jumanne, na kingine Alhamisi. Akakigusa. Kila wiki, kilisema. Palipoulizwa mwisho ni lini, hapakuwa na kitu.

"Kaiza!" aliita Shimwa kutoka chini, mikono juu, papai na yote.

"Niko hapa," alisema Kaliza, akamnyanyua.