Puliza Tena

Mlio ulikatika kwenye kona ya tatu. Mpaka hapo nilikuwa nikiisikia injini ya gari la dada yangu ikipanda kilima, inapotea nyuma ya miamba, inarudi, na kila iliporudi nilishusha pumzi. Halafu kimya. Watu waliosimama nami kwenye mstari wa kumalizia mashindano waliendelea kuongea na kucheka. Mimi nikakaa palepale kwenye changarawe. Nilikuwa nafikiria mpira mmoja tu wa kupitishia upepo, mfupi kama kidole, niliouchomeka kwa mkono wangu mwenyewe.

Jana yake tuligombana juu ya mpira huo. Turbo, kwa asiyeijua, huisukumia injini upepo ili ipate nguvu kuzidi umbo lake. Pembeni kuna kilango: kikifunguka nguvu inapungua, kikibaki kimefungwa upepo unazidi tu. Dada alikuwa amenunua valvu ya umeme ya kukiongoza kilango hicho, ya mtumba, herufi zake zimefutika zote. Mipira yake ingeweza kufungwa kwa namna mbili. Ya kwanza, waya ukichomoka kilango kinafunguka na gari linakuwa goigoi. Ya pili, waya ukichomoka kilango hakifunguki, upepo unapanda hadi injini ipasuke.

"Nifungie hiyo ya pili," alisema dada. Nyumbani tulimwita Kiberiti, na hakuwahi kulikataa jina.

"Una wazimu?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Wale watu wa timu watakaokuja kututazama kesho wanachukua dereva mmoja tu. Nina mtoto wa kulea, nafasi nyingine sipati. Bora gari liwehuke kuliko lilale. Kilima chenyewe kifupi, litavumilia."

"Na likipasuka?"

"Litapasuka nikiwa nimeshafika."

Mimi nilishaiona injini iliyopasuka. Oili humwagika chini ya matairi ya huyo huyo anayeendesha, na hapo usukani hausikii tena. Nikamwambia wazi: nafunga ya kwanza, hutaki, katafute fundi mwingine. Akanisonya msonyo ambao nadhani mama aliusikia jikoni. Lakini fundi mwingine wa kumvumilia angempata wapi?

Herufi zikishafutika, njia ya kujua tundu lipi ni lipi ni kupuliza. Unatia mpira mdomoni, unapuliza bila umeme, unasikiliza upepo unatokea wapi. Unaunganisha betri, unapuliza tena. Nilimwomba apulize na yeye, tuwe na hakika wawili.

"Mimi silambi mipira," akasema, akaenda zake kumbembeleza bintiye.

Nikapuliza peke yangu, nikafunga, nikakaza klipu. Kulipokucha, sijui nini kilinipata, nikawa sikumbuki. Lile tundu nililolichagua, nililipuliza kabla ya kuunganisha betri au baada? Nilikimbilia gari likiwa limeshapakiwa kwenye lori. "Ngoja nipulize tena, dada, dakika moja tu." Akakalia boneti. "Acha kunitia kiwewe, mdogo wangu. Leo usiniguse kabisa."

Basi ndivyo nilivyofika pale kwenye changarawe, nasikiliza kimya. Ama waya ulichomoka na gari limelala, ama nilikosea na dada yangu yuko bondeni. Nilinusa hewa kutafuta moshi. Niliogopa, jamani. Mwenye bendera akauliza, "Mbona huyu hafiki?" na nikatamani kumziba mdomo.

Kisha nikasikia mlio mwembamba, wa kujikongoja, kama wa cherehani. Gari likatokea kwenye kona ya mwisho polepole hivi kwamba mwenye bendera alikuwa ameshaikunja bendera yake. Nikapiga makofi peke yangu, kwa gari la mwisho, huku machozi yananitoka.

Dada akashuka, akafungua boneti. Plagi ya waya ilikuwa imeyeyuka kwa joto, inaning'inia. Akanitazama usoni.

"Umefurahi?"

"Nimefurahi."

"Umeniharibia maisha."

Timu ilimchukua mtu mwingine, na tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana kupitia kwa mama.

Miaka mingi imepita; mama alishatutoka, hata salamu zikakosa wa kuzibeba. Juzi gari dogo likaingia gerejini kwangu. Akashuka msichana mrefu, "Shikamoo, mama mdogo," na nyuma yake dada, mkoba kwapani, nywele zimeingia mvi. Binti ameanza mashindano. Mkononi alikuwa na valvu ya umeme.

"Mfungie," alisema dada, macho yakiwa kwenye spana zangu ukutani.

Niliipokea valvu, nikaichomeka kipande cha mpira. "Namna ipi?"

"Usiniulize maswali ya kijinga."

Akaweka mkoba chini. Akaninyang'anya mpira mkononi, akaufuta ncha kwa gauni lake, akautia mdomoni na kupuliza mpaka mashavu yakavimba, kiganja chake kikikinga upande wa pili. Bintiye akaanza kucheka.

"Unganisha betri," dada akaniambia.

Nikaunganisha. Akapuliza tena.