Chekeche la Kaka Mtu

Mama alikuwa hajafika. Alipanda basi jana asubuhi kuja kwa wanawe, simu yake ikazimika mchana, na mpaka leo saa nne kasoro hakuna kituo kilichomwona wala hospitali iliyompokea.

"Polisi wanasema eti tusubiri," alisema binti yake, mtangazaji wa redio, akizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kaka yake aliikodolea macho kompyuta yake. Alikuwa fundi wa programu, mtu wa maneno machache na kiburi kingi, na kiburi chenyewe alikuwa na sababu nacho. Mdogo wake alipoanza kutangaza mpira redioni, wanaume wasio na kazi walimvamia mtandaoni kwa matusi ya nguoni. Wenye mtandao walilalamikiwa wakatia pamba masikioni. Fundi akakunja mikono ya shati, akatengeneza programu yake mwenyewe, akaiita Chekeche. Ilificha ujumbe wa kila akaunti isiyotimiza mwezi, maana watukanaji hufungua mpya kila wakifungiwa. Tena ilimwonyesha mtumaji kwamba ujumbe wake umesomwa, ili abwabwaje mpaka achoke. Hila hiyo ndiyo iliyomfurahisha kuliko yote. Wanawake mia nane waliitumia, na walimshukuru kama mkunga.

Sasa aliinua kichwa.

"Mama akipoteza simu," alisema polepole, "atakupataje?"

"Namba zetu hazijui kwa kichwa. Ataazima simu ya mtu. Na anajua siwajibu nisiowajua, kwa hiyo atafungua akaunti mpya kwa jina la..." Mtangazaji alimgeukia. "Kaka. Izime."

"Nikiizima, yale matusi yote yatamwagika."

"Nimesema izime!"

Aliizima. Uchafu wa miezi mitatu ukamiminika, na mtangazaji akaupekua wote. Fundi alitaka kumwomba radhi, akaishia kumsogezea kiti.

Mama alikuwa ameandika mara tano. Kwanza, kwamba ameibiwa mkoba na simu, yuko stendi ya njiani, ameazima simu ya muuza vocha. Kisha, kwamba anasubiri. Kisha, kwamba amelala kwenye benchi, wasiwe na wasiwasi. Kisha: "Naona unasoma, mwanangu. Mbona hunijibu?" Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa dakika kumi tu zilizopita: "Basi, nimeelewa. Nimepata lifti, narudi kwangu."

Mtangazaji aliipigia akaunti ile papo hapo. Akapokea muuza vocha.

"Mama? Yule pale anapanda lori! Usikate!"

Walisikia viatu vikikimbia, honi, mtu akiita kwa nguvu. Fundi alishika ukingo wa meza. Kisha ikasikika pumzi ya mtu mzima.

"Samahani, mwanangu," alisema Mama. "Sikutaka kukusumbua kazini."

Mtangazaji alifungua kinywa, machozi yakamtangulia. Akamsukumia kaka yake simu.

"Mwambie wewe."