Sindano ya Ng'ombe

Binti yangu alizaliwa na uvimbe shingoni. Ulianzia chini ya sikio la kushoto ukashuka hadi begani, laini, ukiumulika kwa tochi mwanga unapita. Daktari wa watoto alituambia ni vifuko vya maji ya mwili vilivyokosa njia tangu tumboni. "Msiuguse. Akikua kidogo tutampasua."

Sasa ni msichana mkubwa, lakini mimi nikisikia harufu ya spiriti ya hospitali bado natoka nje.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kazi yake ilikuwa kudunga ng'ombe sindano na kuwatumbua majipu. Jioni moja narudi kutoka karakana, namkuta amekaa mezani kwetu. Beseni letu la vyombo lina maji ya manjano yenye nyuzi za damu. Mke wangu amempakata mtoto, anacheka huku analia. Shingo imenywea.

"Shemeji, njoo uone kazi! Hao madaktari wenu wanangoja nini? Fahali nawatoboa, sembuse haka katoto?"

"Umetoboa na nini?"

Akanionyesha sindano nene kama msumari, akaifuta kwenye suruali. Suruali ya zizini, samadi imekauka magotini. Kisha kwa mkono uleule akamega mkate wetu, akatafuna mdomo wazi.

"Usianze, mume wangu," mke wangu akasema. "Hebu mtazame. Si kama watoto wa wenzetu?"

Nilimtoa shemeji nje kwa kola. Majirani wakaniita mkorofi.

Wiki haikuisha. Uvimbe ulirudi, sasa mwekundu, wa moto, umejaa usaha. Ulimi ukasukumwa nje, mtoto akawa anavuta pumzi kama mlango wenye bawaba kavu. Hospitali wakamtoboa koo, wakapitisha mpira ili apumue.

Shemeji alikuja wodini, akachungulia, akasema wauguzi wakisikia: "Hawa ndio wamemharibu. Mimi nilimwacha mzima."

Nikatema mate sakafuni. Muuguzi akanipa tambara, nikapangusa mwenyewe.

Walipompasua, usaha ulikuwa umegandisha nyama yote pamoja. Mshipa wa fahamu wa mdomo ukakatika humo humo.

Yuko hai. Sauti yake inakwaruza. Akicheka mdomo unakwenda upande, kwa hiyo kwenye picha hacheki. Mke wangu, akiulizwa, husema hana kaka.