Mstari Uliogoma Kushuka

Kipande cha msuli wa sungura, chembamba kama njiti, kilining'inia kwenye uzi ndani ya bomba la kioo tulilozoea kuliita bafu, maji vuguvugu ya chumvi yakipiga mapovu pembeni yake. Uzi ulipanda hadi kwenye mashine, na mashine ilichora mstari. Msuli ukikaza, mstari unapanda, ukilegea, unashuka.

Ulikuwa msuli wa ile sehemu ambayo wanaume huitaja kwa kuchekacheka. Siku yangu ya kwanza, Daktari, mama wa maneno machache aliyeongoza maabara, alinieleza: "Fundi, hapa kulegea ndiko kusimama. Msuli ukikaza, damu haiingii."

"Kumbe miaka yote tunajikaza bure!"

Hakucheka. Alinipa mabomba nikaoshe.

Tulipima dawa za jamii ya dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kumchochea mtu kutamani. Daktari alitaka kujua kama msuli nao huisikia, peke yake, bila ubongo. Ulisikia. Tone moja tu, na mstari ukateremka taratibu kama mzee anayejishusha kitini.

Mimi nyumbani sikuwa na cha kuteremka wala cha kupanda. Miaka miwili nyuma nilikuwa nasikia sauti ukutani zikinitukana. Nikapoteza kazi, nikalazwa. Kidonge kidogo cheupe kilizinyamazisha. Kikanyamazisha na lile jingine. Mke wangu alivumilia, hadi jioni moja akiwa anakunja shuka.

"Kama unashibia nje, sema tu. Nitaenda kwa dada. Sitapiga kelele."

Nikafanya mzaha. Mzaha ukaanguka sakafuni, hakuna aliyeuokota. Usiku ule sanduku lake lilishuka kutoka juu ya kabati.

Asubuhi nilitia vidonge mfukoni nikavitupe njiani. Kabla sijavitupa nikafungua kijaratasi cha maelezo, nikakuta neno la kazini kwangu: *huzuia dopamini*. Nikafika maabara mbio. Nikatundika msuli kwenye mabafu matatu, nikasaga robo ya kidonge, nikaitia bafu la tatu, maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Nikasubiri kidogo, kisha nikadondosha dawa ya Daktari kote. La kwanza, mstari ukashuka. La pili, ukashuka. La tatu ukakaa palepale, mkaidi kama mbuzi anayevutwa kwa kamba.

"Nani amechafua bafu la tatu?" Daktari alikuwa mgongoni kwangu.

"Mimi. Ni dawa yangu. Ninayokunywa."

Akatazama maji, akatazama mstari, akanitazama. Nikaanza kuvua koti la maabara. Kufukuzwa nina uzoefu nako.

"Rudisha koti. Unga wa kidonge una mambo mengi, hii haithibitishi kitu." Kisha akashusha sauti: "Ila nenda kwa aliyekuandikia. Dawa hubadilishwa. Usiache mwenyewe, Fundi. Umenisikia?" Akaichana karatasi ya mashine, akanipa.

Nilimkuta mke wangu ameketi kitandani, sanduku miguuni. Nikaikunjua karatasi mapajani mwake, nikaeleza yote, mara hii bila mzaha. Alifuata mistari kwa kidole.

"Hawa wote sungura?"

"Sungura."

"Na huyu aliyegoma?"

"Amekunywa dawa yangu."

Kidole chake kilikaa hapo muda mrefu.

"Kwa hiyo hakuna mtu."

"Hakuna."

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye sidiria. "Haya, nirudishie hili sanduku juu ya kabati."

Nilidhani ni tupu. Ilibidi niliinue kwa mikono miwili.