Wimbo Uliomwingiza Ndama Ukumbini

Bendi yetu ina watu watatu na wote wabishi. Mimi, Tupokigwe, naimba. Vitus anapiga gitaa na ndiye mtunzi. Anord anapiga ngoma kana kwamba zimemtukania mama yake. Tunatoka Uyole, tunapiga nyimbo zetu wenyewe, na kila tunakokwenda watu hutusikiliza kwa adabu huku wakitafuna. Kucheza, hawachezi.

Tukiwa ndani ya basi kwenda kupiga harusini Ipogolo, Vitus akatoboa siri. Hoteli moja Iringa mjini imempa kazi ya kupiga nyimbo za watu wengine, kuanzia Jumatatu.

"Leo nikimwona hata mtu mmoja anacheza wimbo wetu, nabaki," akasema. "Nisipomwona, msinilaumu."

Nikamjibu asisubiri harusi, basi lisimame ashuke. Kinywa changu ndivyo kilivyo. Moyoni nilitaka kulia, maana bila Vitus hatuna bendi, tuna kelele za Anord tu.

Ukumbini, MC Philbert hakutuficha. "Dada, hapa pigeni zinazojulikana. Hizo zenu mtapiga watu wakila."

Tukapiga wakila. Pilau ilishangiliwa kuliko sisi.

Ikafika zamu ya zawadi. Ndugu huingia kwa foleni wakicheza na zawadi zao hadi mbele ya maharusi, na muziki haukatiki mpaka wa mwisho afike. Bibi harusi, Faustina, ni Mhehe wa hapahapa. Kwao wakaleta masufuria na magodoro, tukawapigia wimbo wanaoujua. Bwana harusi, Limbu, ni Msukuma. Wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao. Kwao wakaleta ndama.

Ndama akafika mlangoni, akasikia ngoma za Anord, akagoma. Wajomba wakavuta kamba, vijana wakasukuma. Alichotoa ni kinyesi tu, tena juu ya zulia jekundu.

"Nyie watoto wa muziki, punguzeni!" akapaza sauti mama Mbuke, shangazi yake Limbu. "Mnamtisha mnyama!"

Anord akaweka vijiti chini. Lakini muziki ukatike? Mwiko. Vitus, kwa hasira tu, akaanzisha wimbo wake mpole kuliko zote, ule wa ukungu wa asubuhi, ambao hata mama yake mzazi huusinzilia. Nikaimba taratibu.

Ndama akasimamisha masikio. Akapiga hatua, kisha nyingine. Mama Mbuke akamfuata, mabega yakitikisika polepole, na foleni nzima ikashika mwendo huohuo. Hakuna aliyeharakisha, kwa sababu ndama hakuharakisha. Wimbo ukaisha hajafika, tukaurudia. Tulipourudia tena, upande wa Faustina nao walikuwa wamesimama wanaitikia kiitikio, na MC Philbert anacheza na sahani mkononi. Nilifurahi mpaka nikakosea ubeti.

Ndama alipofungwa kando ya meza ya maharusi, tukanyamaza. Mama Mbuke akamsogelea Vitus, jasho likimtiririka.

"Mwanangu, wimbo huu ni wa nani?"

"Wangu, mama," Vitus akasema. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Haya. Ndama ameshafika," akasema mama Mbuke, akijifunga upya kanga kiunoni. "Sasa tupigie sisi."

Vitus akafuta macho kwa mkono wa shati, akanigeukia kwa ukali.

"Unangoja nini?" akasema. "Imba!"