Mwenye Akaunti Aje Mwenyewe

Usingizi wa jana ulinipeleka ofisi ya maji, kutoa taarifa kwamba mume wangu, Hatibu Singano, amefariki. Dirishani ameketi mita ya maji, amevaa miwani.

"Mwenye akaunti aje mwenyewe," anasema mita.

"Amefariki."

"Nimesikia. Lakini wa kuifunga ni yeye."

Cheti cha kifo kikatoa kichwa mkobani mwangu. "Mimi nipo," kikasema.

"Wewe ni karatasi," mita akakijibu bila kukitazama. "Tunataka mtu."

Nageuka niondoke, mlango unanitokeza benki. Kalamu iliyofungwa kamba inaniuliza kama marehemu ameridhia kuwa marehemu. Nasema sikumuuliza. Inaandika: Hakuulizwa.

Kampuni ya simu sijui nilifikaje. Namkuta yule mwanamke wa sauti, kasimama na sare yake.

"Mteja huyo hapatikani kwa sasa," ananiambia kwa upole.

"Kwa sasa?" Nikamsogelea. "Kwa hiyo baadaye atapatikana?"

Akababaika. "Mama, mimi nimefundishwa sentensi hiyo tu."

Mara Hatibu akaingia, kanzu imenyooka, akapanga foleni nyuma yangu.

"Mama Rukia, naitwa huku, naitwa kule. Kuna nini?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimezunguka ofisi zote, na yeye sijamwambia.

"Umefariki, baba Rukia."

"Lini?"

"Jumatatu. Chai yako ilikuwa bado ya moto."

Akainamisha kichwa, akafikiri. "Pole sana, mke wangu."

Nikamjibu nimeshapoa, na haikuwa kweli.

"Na Mwanaidi je?"

Mwanaidi ni dada yake. Amelazwa Tanga, kapasuliwa tumbo, na wazee walikataa aambiwe kabla hajapata nafuu. Kazi ya kumwambia waliniachia mimi.

"Bado. Sijui hata nianzie wapi."

"Basi acha. Nitampitia mimi."

Akatoka. Foleni nzima ikampisha, hata mita akavua miwani.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Kumekucha, jua liko dirishani. Ni Mwanaidi, sauti nyembamba kama uzi, na mimi namuuliza kidonda kinaendeleaje.

"Wifi," akasema, "usihangaike kutafuta maneno. Kaka kaja mwenyewe."