Nguzo ya Ragnfrid

Siku ya tatu baada ya kuzikwa, Ragnfrid alirudi nyumbani akamkuta mumewe, Hallkel, anapura shayiri uani. Akataka kuingia ndani. Nguzo iliyochomoza kifuani mwake ikatangulia mlangoni, ikagonga ukuta wa upande wa pili, yeye akabaki nje.

"Umeichonga ndefu mno," akasema.

"Ili padri aione akiwa mbali."

"Padri gani?"

Hallkel akaendelea kupura.

Askofu Mkuu Eindride na mfalme walikuwa wamegombana. Kisa, askari: askofu anao wengi kupita kiasi, mfalme hataki. Basi askofu akafunga makanisa yote ya Trondheim na kuwakataza mapadri wasizike. Watu wakarudia mtindo wa mabonde yasiyo na kanisa. Unamzika mtu wako shambani na kumsimamishia nguzo kifuani, ncha yake ionekane juu. Padri akija, hata iwe mwakani, ataichomoa na kumimina maji ya baraka kwenye tundu, na marehemu atatulia. Asipokuja, hatulii. Ndivyo ilivyo.

Ragnfrid akawa analala zizini na kondoo. Mchana alisokota sufu, ameikumbatia nguzo yake, akilalamika baridi. Mama mkwe wa jirani naye alirudi, ila huyo hata alipokuwa hai hakuwa analala.

Ragnfrid na Hallkel wakaenda kwa mtu wa mfalme. Akawaambia aliyefunga makanisa si mfalme. Wakamfuata askofu gatini, akijiandaa kukimbilia Denmark, askari wake wakimpakilia vinara vya fedha. Hao askari wote, hakuna hata mmoja aliyewahi kumchimbia mtu kaburi.

"Vumilia, mama," askofu akasema. "Tunapigania haki ya Kanisa."

"Haki yangu mimi hii hapa, baba. Ichomoe tu, nikalale."

Askofu akaishika nguzo. Mkono ulikaa pale muda wa kutosha kabisa kuichomoa. Kisha akauondoa, akaeleza kwa upole kwamba akichomoa moja, mfalme atasema ameshindwa. Akapanda merikebu.

Majira ya kuchipua askofu alirudi, akapatana na mfalme, wakabusiana mbele ya watu, kengele zikalia. Padri Sigvat akatoka na ndoo ya maji, shamba kwa shamba, akichomoa. Ragnfrid akaenda kujilaza kaburini, nywele amezisuka. Hallkel alikuwa amepika pombe ya matanga.

Padri alikuwa ameshafika kwenye uzio wao pale mpanda farasi alipomfikia. Alileta habari: kwenye karamu ya upatanisho kiti cha mfalme kimewekwa juu kuliko cha askofu. Makanisa yamefungwa tena.

"Padri, si umeshafika," Hallkel akasema. "Kaburi lile pale."

"Naliona. Nguzo yako inaonekana toka mbali."

Padri akanywa pombe aliyokaribishwa, akashukuru, akarudi na ndoo yake akiangalia isimwagike.

Jioni Hallkel akachukua msumeno.

"Usiikate," Ragnfrid akasema. "Siku wakipatana, padri ataichomoaje?"

"Nani kasema nakata nguzo?"

Akakata tundu kwenye ukuta unaotazamana na mlango. Nguzo ikapita, ncha ikatokea nje, na Ragnfrid akaingia, akakaa karibu na moto. Upepo ukaingia naye kwenye tundu. Hallkel akaliziba pembeni kwa sufu, kisha akatoka nje, akatundika samaki wake wakauke kwenye ile ncha.